Taa ya injini na kodi P0420: kataliti imekufa kweli au inasingiziwa?

Mleta Uzi
Wakuu, heshima kwenu. Nina gari la petroli, injini ya lita 1.8, silinda nne, limeshatembea km 186,000. Wiki ya tatu sasa taa ya injini imewaka na haizimi. Nimechomeka skana, inatoa kodi moja tu: P0420. Gari lenyewe halionyeshi shida yoyote. Linavuta, halimisi (hakuna silinda inayoruka bila kuwaka), linawaka kwa mguso mmoja.

Gereji walisoma kodi kwa dakika mbili, jibu likawa "kataliti imekufa, weka nyingine", yaani lile kopo la kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi. Ningekubali, ila kataliti hii ina miezi 14 tu! Ile iliyotoka na gari niliitupa kwa kodi hii hii, wakanifungia hii ya sasa, mpya kabisa, si ya kampuni iliyotengeneza gari. Sasa najiuliza, ni kataliti mbovu mbili mfululizo, au kuna kitu kinaziua? Au hazijafa kabisa, zinasingiziwa? Kabla sijatoa pesa mara ya pili nataka nijue.

Kijiwe Namba Moja
Unajitesa bure mkuu. Ng'oa, pasua, toa masega yote ya kauri ndani, chomelea, rudisha. Gari litapaa.

Mama Spana
Akitoa masega taa haizimi, Kijiwe. Sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya kataliti ipo pale kuangalia kama masega yanafanya kazi. Ukiyatoa, inaona moshi ule ule aliouona mwenzake wa mbele, na kodi inarudi kabla hajamaliza kufurahia. Juu ya hapo gari linanuka na kuchafua hewa ya watu. Tumpe mtu msaada wa maana.

Dereva Mstaafu
Badilisha sensa zote mbili za oksijeni. Mimi nilifanya hivyo, taa ikazima.

Mleta Uzi
Ilizima moja kwa moja?

Dereva Mstaafu
Kama mwezi hivi. Halafu nikauza gari.

Mama Spana
😂😂 Mnunuzi anatafuta uzi huu sasa hivi.

Fundi Geji
Mleta uzi umeuliza swali zuri, na gereji wengi hawaulizi. Ngoja niandike kirefu kidogo.

P0420 haisemi "badilisha kataliti". Inasema kompyuta imepima uwezo wa kataliti ya benki (safu ya silinda) ya kwanza na kukuta uko chini ya kikomo. Injini yako ya silinda nne mstari mmoja kwa kawaida ina benki moja. Wenye V6 na V8 wana ya pili, na kodi yake ni P0430. Benki ya kwanza ni upande ule wenye silinda namba moja.

Ndani ya lile kopo kuna jiwe la kauri lenye vitundu vidogo kama masega ya nyuki, limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kuna na siriamu, na hiyo ndiyo ya kuikumbuka leo, kwa sababu kazi yake ni kutunza oksijeni. Moshi ukija na hewa nyingi, inaificha. Moshi ukija na mafuta mengi, inaitoa ili yaungue. Ni kama tangi la akiba. Kompyuta haina pua ya kunusa sumu inayotoka nyuma, inapima hilo tangi tu: mbele ya kataliti mchanganyiko unapanda na kushuka, na kama akiba ipo, nyuma kunakuwa shwari. Sensa ya nyuma inakaa kwenye volti 0.6 au 0.7, inatikisika kidogo tu. Akiba ikiisha, yale mawimbi ya mbele yanapita hadi nyuma, na sensa inaanza kucheza kati ya 0.1 na 0.9. Hapo kompyuta inaandika kodi, lakini taa haiwashi siku hiyo. Kwa kawaida inasubiri safari ya pili ithibitishe.

Kwa hiyo chochote kinachoharibu hesabu hiyo kinaweza kuleta P0420, hata kama kataliti ni nzima: ekzosi inayovuja, mchanganyiko usio sawa, waya uliochubuka, hata programu ya kompyuta yenyewe. Kuna magari ambayo mtengenezaji alitoa programu mpya na kodi ikaisha bila kugusa bomba. Uliza kama lako limo.

Usifute kodi kwanza. Niletee hivi: kumbukumbu ya wakati kodi ilipoingia, marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu (gari likiwa limesimama injini inanguruma taratibu, halafu kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika), na volti za sensa ya nyuma injini ikiwa imepata moto kamili.

Mleta Uzi
Shukrani fundi. Nilikuwa nimebakiza sekunde nifute.

Kodi iliingia nikiwa km 87 kwa saa, joto la maji nyuzi 91. Marekebisho ya muda mrefu gari limesimama ni +13, mizunguko 2,500 yanashuka hadi +5. Ya muda mfupi yanachezea karibu na sifuri. Sensa ya nyuma inaruka 0.15, 0.8, 0.2, 0.75, haitulii. Ila kilichonishtua ni ya mbele: HAICHEZI. Imekaa 0.66 muda wote kama imegandishwa. Si ndiyo iliyokufa hiyo?

Dereva Mstaafu
Nilisema mimi. Sensa!

Fundi Geji
Hapo ndipo watu wengi wanapotupa sensa nzima. Za zamani za mbele zilikuwa kama ya nyuma, zinaruka 0.1 hadi 0.9 mara kwa mara, na isiporuka ni mgonjwa. Magari mengi ya baadaye yana sensa pana ya mbele, inayopima kiasi cha hewa na mafuta badala ya kusema tu "nyingi" au "chache". Hiyo mchanganyiko ukiwa sawa inatulia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kuna magari ambayo sensa hiyo inasoma volti 3.3 mchanganyiko ukiwa sawa, na skana za kawaida huonyesha namba hiyo imegawanywa kwa tano. 3.3 kwa 5 ni ngapi?

Mleta Uzi
0.66. Aisee.

Fundi Geji
Piga resi mara moja uachie ghafla, uiangalie. Ikipanda na kushuka haraka, iache ilipo.

Na sensa ya nyuma hali kadhalika. Watu wanaibadilisha wakidhani inamsingizia kataliti. Fikiria kidogo: sensa iliyochoka inakuwa nzito, inachelewa, haichezi. Sensa isiyocheza inaifanya kataliti ionekane nzuri. Kwa hiyo sensa ya nyuma iliyozeeka mara nyingi inamficha mwizi, haimsingizii mtu. Yako inayoruka hadi 0.8 na kurudi 0.15 ina nguvu zake. Ingekuwa na tatizo la umeme ungeona pia P0136, P0137 au ndugu zao, na hita yake ikikatika ungeona P0141.

Namba iliyonifanya niweke miwani ni hiyo +13. Kompyuta inaongeza mafuta asilimia 13 gari likiwa limesimama, kwa sababu inaamini hewa imezidi. Sisi tunapenda kuona ndani ya 5, hadi 10 tunavumilia. Na inapungua ukipiga resi. Hiyo ni tabia ya tundu: ama injini inanyonya hewa ya wizi upande wa kuingilia, ama ekzosi inavuja kabla ya sensa ya mbele.

Oili Nyeusi
Ekzosi ikivuja si inatoa moshi nje? Hewa inaingiaje?

Fundi Geji
Swali zuri. Moshi hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo. Baada ya kila pigo kuna mvuto wa kurudi nyuma, na kama kuna ufa, hewa ya nje inafyonzwa ndani. Sensa inaona oksijeni ya nje, inadhani injini ina njaa ya mafuta, kompyuta inaongeza. Sasa kweli mafuta yamezidi, yanaenda kuungulia kwenye kataliti, na kataliti inapikwa. Mvujo wa kijinga tu, unakula kifaa cha thamani taratibu.

Mama Spana
Mleta uzi, mvujo utafute asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Washa, fungua boneti, sikiliza "tik tik tik" upande wa manifoldi ya ekzosi. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba, sauti inapotea, na fundi wa mchana hasikii kitu.

Kama husikii, kuna njia yangu. Injini imezimwa na imepoa. Chukua mashine ya kufyonzea vumbi yenye upande wa kupuliza, elekeza mpira wake kwenye mdomo wa ekzosi, ziba pembeni kwa kitambaa. Kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio yote kuanzia kwenye hedi. Panapotoa mapovu ndipo. Usifanye bomba likiwa la moto, utajipikia mvuke usoni.

Mleta Uzi
NIMELIPATA!!! Sauti sikuisikia kabisa, ila sabuni ilisema. Mapovu yanatoka kwenye ungio la manifoldi na kataliti, upande wa chini usioonekana ukisimama. Nilitumia kioo kidogo na tochi. Pale kwenye gasketi kuna alama nyeusi ya masizi kama mtu amepitisha kidole chenye mkaa, na boliti moja kati ya tatu inazungushwa kwa mkono. Gasketi imeliwa upande mmoja.

Nimekumbuka kataliti ilipofungwa walirudishia gasketi ya zamani. Niliona kwa macho yangu, sikujua ni kosa.

Nimeweka gasketi mpya na boliti mpya. Marekebisho yameshuka: +3 likiwa limesimama, +2 kwenye mizunguko. Nimefuta kodi. Wakuu nawashukuru sana, mods mnaweza kufunga uzi.

Fundi Geji
Usifunge. Ukifuta kodi unafuta na vipimo vyote, kompyuta inaanza moja. Kipimo cha kataliti kinataka injini ya moto na mwendo usiobadilika kwa muda, na mtu wa safari fupi fupi anaweza kukaa siku kadhaa kabla hakijakamilika. Skana yako ikionyesha kipimo cha kataliti "kimekamilika" na hakuna kodi hata ile inayosubiri, hapo ndipo tutapongezana.

Mleta Uzi
Siku ya nne. Kipimo kimekamilika jana. Leo asubuhi kuna kodi inayosubiri. P0420. 😔

Kijiwe Namba Moja
Masega mkuu. Toa masega.

Chupa ya Dawa
Kuna dawa za kumimina kwenye tangi la mafuta, zinasafisha kataliti. Jaribu kabla hujakata tamaa.

Fundi Geji
Dawa inaweza kuondoa masizi kidogo. Masega yaliyoyeyuka au yaliyopakwa sumu hayarudi kwa chupa.

Mleta uzi, pole, lakini mvujo ulikuwa wa kweli na kuuziba hujapoteza. Sasa tunajua mchanganyiko uko sawa, na sensa ya nyuma bado inacheza. Kwa hiyo kataliti imechoka kweli. Swali lako la mwanzo ndilo limebaki: nani anaziua? Mvujo wenyewe ulianza kataliti hii ilipofungwa, kwa hiyo haukuiua ya kwanza. Jibu haya bila kuona aibu. Maji ya rejeta yanapungua? Oili unaongeza? Injini ilishawahi kumisi ukaendelea kuiendesha?

Mleta Uzi
Maji hayapungui. Kumisi hapana. Oili... naongeza. Kama lita moja kila km 1,200. Niliambiwa injini yenye umri huu ni kawaida.

Mama Spana
Haya, mtuhumiwa ameingia mahakamani mwenyewe.

Fundi Geji
Lita moja kwa km 1,200 si kawaida ya kunyamazia, hasa kwenye gari lenye kataliti. Oili ina fosforasi na zinki, zimewekwa humo kulinda vyuma visisagane. Ikiungua kwenye silinda, majivu yake yanaenda kutanda juu ya zile metali za thamani kama chokaa ndani ya birika. Kataliti haizibi, haiyeyuki, gari linavuta vizuri, ila moshi haugusani na metali hizo tena. Ndiyo maana hukuhisi chochote. Maji ya rejeta yakivuja ndani hufanya uharibifu wa namna hiyo, na kumisi ni kibaya zaidi: petroli mbichi inaungulia ndani ya masega na kauri inayeyuka. Taa ya injini ikiwa inamweka (inawaka na kuzima) badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame mapema, kwa sababu gari linakuambia kataliti inaungua sasa hivi.

Toa plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wa silinda, utuambie rangi. Na kabla hujafikiria ringi za pistoni, tafuta vali ya PCV, ile inayorudisha hewa ya ndani ya injini kwenye njia ya kuingilia. Ichomoe uitikise sikioni.

Mleta Uzi
Plagi ya 1, 2 na 4 zina rangi ya kahawia hafifu. Ya 3 ina ukoko mweupe wenye kijivu, nikiukwaruza kwa kucha unabanduka kama magamba. Vali ya PCV nimeitikisa, kimya. Mpya nimeitikisa, inagonga "tak tak" ndani. Ya zamani imeganda ikiwa wazi na mpira wake umejaa oili. Nimepitisha kidole ndani ya throto (mlango wa hewa ya injini), kimetoka cheusi kinateleza.

Fundi Geji
Kwa hiyo ikiwa wazi muda wote injini ilikuwa inajinywesha oili yake yenyewe, na silinda ya 3 ilikuwa inapata sehemu kubwa. Weka mpya, safisha throto, pima mgandamizo wa silinda zote ili tujue ringi hazina hatia, kisha endesha angalau km 1,000 ukiangalia kijiti cha oili. Usinunue kataliti leo. Ukifunga mpya kabla oili haijaacha kuungua, miezi 14 ijayo tunaonana hapa hapa.

Oili Nyeusi
Na kwa nini asipime joto? Nasikia unalenga kipimajoto mbele na nyuma ya kataliti, nyuma ikiwa ya moto zaidi ni nzima.

Fundi Geji
Kwa injini za zamani zilizokuwa zinatoa uchafu mwingi, sawa. Injini ya siku hizi ikiwa na afya haiipi kataliti mengi ya kuchoma, tofauti ya joto inakuwa ndogo hata kwa nzima, na unalenga kwenye ganda la nje lenye kinga. Nimeshaona nzima inafeli na mbovu inapita. Siitumii kutoa hukumu.

Geji ya mgandamizo wa ekzosi inajibu swali tofauti: imeziba au la. Unatoa sensa ya mbele, unafunga geji kwenye tundu lake. Likiwa limesimama isizidi kama psi 1.25, kwenye mizunguko 2,500 isizidi 3. Iliyoziba gari linakosa nguvu, linashindwa kupanda mizunguko, na inaweza isilete P0420 kabisa. Tusichanganye magonjwa mawili.

Kirefusho
Wakuu mnazunguka sana. Kuna kipande kinafungwa kati ya sensa ya nyuma na bomba, kinairudisha sensa nyuma kidogo isione moshi vizuri. Taa inazima siku hiyo hiyo.

Mama Spana
Inazima, ndiyo. Na angekuwa amekifunga mwezi uliopita, leo asingejua kwamba injini inakunywa oili, angeendelea kuongeza lita moja moja hadi siku angesahau. Nchi nyingi zina sheria inayokataza kuchezea vifaa vya moshi, na kipimo cha gesi kwenye ukaguzi hakijali taa yako imezima au la.

Mleta Uzi
Mrejesho. Mgandamizo wa silinda zote uko karibu sawa, ringi nzima. Nimeendesha km 1,100 na vali mpya, kijiti hakijashuka hata robo ya nafasi kati ya alama mbili. Taa imewaka tena, sensa ya nyuma bado inacheza. Nimeagiza kataliti yenye ubora wa ile ya kiwandani. Ile ya pili ilikuwa nyepesi mkononi, nadhani na metali ndani walipaka kwa kubania.

Fundi Geji
Za bei ya chini mara nyingi zina metali kidogo, zinaanza vizuri na kuchoka mapema. Lakini hata ya kiwandani isingepona kwenye oili ile. Ukifunga: gasketi mpya zote, sensa zifunguliwe bomba likiwa vuguvugu ili uzi wa skrubu usikatike, na grisi ya uzi huo isiguse ncha ya sensa.

Mleta Uzi
Imefungwa. Km 2,300 sasa. Sensa ya nyuma imetulia 0.68 hadi 0.71, nimeiangalia dakika kumi nzima kama mtu anayeangalia mtoto amelala. Kwenye ukurasa wa matokeo ya vipimo wa skana, kataliti ya zamani ilikuwa 0.11 na kikomo cha chini ni 0.20. Leo inasoma 0.58. Kipimo kimekamilika mara tatu, hakuna kodi wala inayosubiri. Oili sijaongeza.

Ya zamani nimeikata kwa udadisi. Masega yapo yote, hayajayeyuka, ila uso wa mbele umetandwa na unga mweupe wenye kijivu. Rangi ile ile ya plagi namba 3.

Dereva Mstaafu
Mimi ile gari niliyouza nayo ilikuwa inakunywa oili...

Gari la Mjomba
Habari wakuu, nimesoma uzi wote. Mimi nina V6 inaleta P0430 na P0300 (ya kumisi) pamoja, taa inamweka nikipanda mlima. Ninunue kataliti ya upande gani?

Fundi Geji
Hujanunua chochote bado. Usiliendeshe hilo gari, anza na koili na plagi za benki ya pili. Fungua uzi wako, nitakufuata huko.